Supoti ya amortisere (shokabzoba) ya nyuma imenisumbua mara ya tatu, tena kushoto tu. Ni chuma, ni sudire (kuchomelea) ao ni barabara zetu?

#1 Mwana_Birere (Goma)

Bandugu salamu. Niko na Prado ile ya 90, diseli, natembeza Goma–Sake karibu kila siku na mara moja moja Rutshuru. Mwaka uliopita amortisere za nyuma zilikufa, nikazunguka Birere yote nikapata mbili mpya, nene, za gesi, bei muzuri. Kufika garaji fundi anazigeuza-geuza kisha ananiuliza ulinunua hizi juu ya gari gani? Kumbe ziko na jicho (pete ya chuma) juu na jicho chini, na zangu za zamani zilikuwa na jicho chini lakini juu ni musumari wenye ekru (nati). Muuzaji alisema zinaingia bila shida. Kurudisha akakatala. Basi tukasema tuchonge supoti, kipande cha chuma umbo la U, kinakaa kule juu kwenye traversi (chuma cha kukatiza) ya shasi, bulo (bolti) inapita katikati ya jicho, maisha inaendelea.

Ya kwanza fundi alikata mu lami ya Fuso (bamba la resori, yaani springi, ya lori). Miezi mbili, pasu. Ya pili ilikuwa toli (bamba la chuma) ya milimita 4 ya kukunja, wiki tano tu. Ya tatu nikasema sasa inatosha, tukaweka milimita 6 na mbavu mbili pembeni, ikafika miezi ine, na juzi nasikia kelele ngo-ngo-ngo nikalala chini ya gari: supoti iko muzima kabisa, lakini traversi ya shasi ndiyo imechanika kuizunguka sawa vile karatasi.

Na kila mara ni kushoto. Ya kulia ni ile ile ya siku ya kwanza, ya lami ya Fuso, haijawahi kunisumbua hata siku moja. Hapo njo akili yangu inasimama. Mwenye kuwa na mawazo anisaidie, gari iko juu ya mabuye na mimi niko natembea na moto (pikipiki).

#2 Fundi_Katindo

Pole mukubwa. Usitafute mbali, ni ile lami. Lami ni chuma cha resori, kaboni yake inafika karibu 0.5 mpaka 0.6 kwa mia, toli ya kawaida haipiti 0.25. Ukiichomelea, kando ya sudire panapata moto mukali kisha panapoa haraka, panakuwa pagumu sawa na kioo. Hapo hapakunjiki, panapasuka tu. Uliangalia ufa ulianzia wapi? Kama ulianzia milimita mbili tatu kando ya sudire na sio ndani ya sudire yenyewe, basi ni hiyo. Mimi kijana wangu akiniletea lami ya kuchomelea supoti namurudisha nayo.

#3 KaNyawera (Bukavu)

Fundi #2 heshima yako lakini umesoma nusu. Amesema ya pili ni toli, ya tatu ni toli, zote zilileta shida, na ya LAMI upande wa kulia njo inaishi mpaka leo! Sasa lami imekuwa mwizi namna gani?

#4 Fundi_Katindo

Nimesoma yote ndugu yangu wa Bukavu. Ya kulia itakatika, ngojeni. Chuma cha namna ile hakikupe onyo. Leo muzima, kesho vipande mbili.

#5 Viye_Garaji

Vijana mnakimbilia chuma mbele ya kupima. Niko mu kazi hii tangu wakati wa Peugeot 504, nimeona supoti nyingi zikikatika na fundi anaongeza unene, anaongeza unene, mpaka shasi inapasuka, kumbe amortisere ilikuwa inagonga mwisho.

Mwana_Birere sikiliza. Toa resori za nyuma. Fungua amortisere bulo ya juu. Weka kriki (jeki) chini ya ekseli, panda polepole mpaka ile mpira ya kuzuia ekseli isigonge shasi inagusa na kujikandamiza. Sasa pima kutoka tundu la juu la supoti mpaka tundu la chini. Hiyo njo nafasi ndogo kabisa ambayo amortisere itapata siku gurudumu linapiga shimo. Kisha sukuma amortisere mu mikono mpaka ifunge kabisa, pima jicho kwa jicho. Amortisere iliyofungwa LAZIMA iwe fupi kuliko ile nafasi, na ubakize sentimita moja na nusu ao mbili. Kama ni sawa sawa ao ni ndefu, basi mpira ya kuzuia haifanye kazi tena, uzito wote wa gari unaangukia juu ya supoti yako, na hakuna milimita 6 wala 10 itakayovumilia hiyo.

Kisha shusha ekseli mpaka chini, pima tena. Amortisere ikivutwa mpaka mwisho mbele ya kitu kingine kuzuia, inakuwa kamba ya kubeba ekseli nzima. Hiyo nayo inang'oa.

Na pima KILA UPANDE. Supoti zilichongwa kwa macho ao kwa gabari (kielelezo cha kukatia)?

#6 Mwana_Birere

Aksanti viye. Kwa macho. Fundi alichonga ya kulia kwanza, kisha ya kushoto akaona bomba ya eshapema (ya moshi) inapita karibu akaishusha kidogo na kuisogeza ndani. Sikufikiri kama hiyo ni kitu. Jumamosi nitatoa resori.

#7 Turneri_Likasi

"Akaishusha kidogo na kuisogeza ndani". Ndugu, umesema jambo kubwa sana katikati ya sentensi!

Mimi niko Likasi, huku tunaita hiyo kitu pate. Kazi yangu ni mashini ya kutornea lakini pate nimechonga nyingi sana, ngoja niseme yangu juu ya ile traversi kuchanika. Pate ikiwa ngumu kuliko mahali inaposhikwa, ufa unahama. Haupotei. Toli ya shasi kwenye pikap na jipu nyingi ni nyembamba, milimita mbili mpaka nne hivi, wewe umeweka juu yake milimita 6 yenye mbavu, kwa hiyo kila pigo linaishia pale pembe ya pate inapokutana na toli laini. Ungepaswa kwanza kuweka bamba pana chini ya pate, milimita 3 ao 4, likatwe pembe-pembe kama almasi ya karata ili mwisho wake usikate shasi kwa mustari mmoja ulionyooka. Sudire iende kwa urefu wa shasi. Usipige sudire ya kukatiza juu na chini ya shasi, hapo njo panapofanya kazi ya kuvutika kila mara gari ikiruka.

Na kama traversi ni ya boksi, yaani ina uwazi ndani, ukikaza bulo unaiponda tu, bulo inalegea baada ya siku mbili. Toboa upana zaidi, ingiza kipande cha bomba kinachotoka ukuta mpaka ukuta, kichomelee pande zote mbili, halafu bulo ipite ndani ya bomba. Hapo unaweza kukaza mpaka mkono uchoke.

#8 DadaWaSake

Mimi sio fundi lakini hiyo barabara naijua kuliko nyote, niko nabeba mizigo ya soko. Mnasahau mahali tunapoishi. Goma ni mawe ya volkano, lava ya 2002 ilipita mu mji yenyewe mpaka ku ziwa, na mu kartie nyingi tunatembea juu yake mpaka leo. Ile haina udongo wa kuzamisha gurudumu, kila kona ni jiwe la kukata. Gari iliyotengenezwa Japani kutembea mu lami (ya barabara, sio ya Fuso) unaileta huku, unaongeza amortisere ngumu ya gesi, nani atavumilia?

Na kushoto mimi nadhani ni hivi: sisi tunatembea kuume, ukikutana na Fuso imejaa unasogea kuume zaidi, gurudumu la kuume linaenda kwenye mchanga wa pembeni, la kushoto linabaki juu ya mawe ya katikati.

#9 KaNyawera

Dada hiyo ya kushoto inakubalika nusu. Yangu mimi (RAV4) huwa inakufa kuume, juu ya mifereji ya pembeni ambayo mvua inachimba huku Bukavu. Ukishuka Bagira utaniambia.

#10 DadaWaSake

Bukavu ni udongo kaka, Goma ni jiwe. Usichanganye milima yenu na shida yetu.

#11 Mwalimu_Mekanika

Salamu kwa wote. Maswali matatu kwa mwenye uzi.

Kwanza, bulo. Toyota hutumia nyuzi nyembamba, M10 kwa 1.25 na M12 kwa 1.25 (kipenyo cha bulo kwa umbali kati ya nyuzi, kwa milimita). Bulo nyingi za kinkayeri (duka la vyuma) ni M12 kwa 1.75. Ukilazimisha ekru ya asili juu ya bulo ya soko, zamu mbili za kwanza zinaingia, kisha unadhani imekazika kumbe umekata nyuzi. Na kichwa cha bulo kina namba: 8.8 inamaanisha inavumilia kama megapaskali 800 kabla ya kukatika na inaanza kurefuka bila kurudi kwenye 640. 10.9 ni 1000 na 900. Isiyo na namba yoyote ni ya kufungia dirisha, usiweke chini ya gari.

Pili, jicho la amortisere. Ndani yake kuna mpira na ndani ya mpira kuna bomba dogo la chuma. Kipenyo chake ni ngapi na bulo yako ni ngapi? Lazima vilingane.

Tatu, ulikaza bulo ya jicho gari ikiwa wapi? Ukiikaza gari iko juu ya kriki, magurudumu yananing'inia, ule mpira unashikwa katika hali ya kuning'inia. Ukishusha gari mpira unajipinda kabla hata hujaanza safari, na supoti inabeba huo msokoto saa zote. Shusha gari, iache ikae kwa uzito wake, ndipo ukaze mara ya mwisho.

#12 Mwana_Birere

Mwalimu umenifanya nitoke inje na tochi usiku huu. Bulo ni M12, kichwa kimeandikwa 8.8, sawa. Lakini bomba la ndani ya jicho ni 16! Ya kulia fundi alikuwa ameingiza kipande cha bomba kujaza ile nafasi, ya kushoto hakuna. Nilimupigia simu, anasema siku ile alikuwa na kipande kimoja tu, ya kushoto alisema atarudia, ikasahaulika. Mara zote tatu.

Na tulikazia juu ya kriki.

#13 Fundi_Katindo

Eeeh.

#14 KaNyawera

Basi uzi umeisha! Bulo ya 12 mu tundu ya 16 inacheza milimita 4, kila jiwe ni nyundo. Ngo-ngo-ngo yako njo hiyo.

#15 Viye_Garaji

Haujaisha, kijana. Bulo ikikazwa vizuri, bomba la ndani linabanwa na kuta mbili za supoti, halichezi hata kama lina nafasi. Linacheza siku bulo imelegea. Kwa hiyo swali linabaki, ni nini kililegeza bulo? Pima kama nilivyosema.

#16 Turneri_Likasi

Viye ana haki, ila kubana peke yake mimi siiamini kwenye barabara kama zenu. Supoti ya U ya milimita 6 yenye mbavu ni ngumu, fundi akiacha upana milimita 2 zaidi ya jicho, unakaza bulo ukifikiri unabana jicho kumbe nguvu yote inaishia kujaribu kukunja kuta za U. Ya toli 4 inakunjika na kubana, ya 6 haikunjiki. Pima na huo upana.

Hiyo kipande ya kujazia mimi naichonga kwa dakika kumi, inje 16, ndani 12, urefu sawa sawa na bomba la jicho. Turneri yeyote wa Goma atakufanyia, usiokote kipande cha bomba ya maji.

#17 BodaNoah

Samahani kuingilia. Mimi niko na Noah, nimepata amortisere za mbele za gari ingine, zinaingia muzuri kabisa ila ile pati ndogo ya kushika waya ya freni haipo. Naweza kuichomelea juu ya mwili wa amortisere? Ni doti mbili tu za sudire.

#18 Fundi_Katindo

HAPANA.

#19 Mwalimu_Mekanika

Naongeza neno kwa Fundi. Mle ndani kuna mafuta, na kama ni ya gesi kuna naitrojeni iliyoshindiliwa. Doti moja ya sudire inachoma mafuta, inaua mpira wa kuzuia mafuta, inapinda bomba ambamo pistoni inapita, na ikiwa shinikizo ni kubwa inaweza kupasuka usoni pako. Chukua bamba la milimita 2, likunje lizunguke amortisere kama kola, weka mpira mwembamba wa ndani ya gurudumu katikati, kaza kwa bulo ndogo, na pati ya waya ichomelewe juu ya kola ikiwa imetolewa garini. Kisha zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, gari juu na gari chini, uone waya haivutiki wala haigusi gurudumu.

Na zile tundu mbili za chini zinazoshika nakle, kama hazilingani usizipanue na meleze (mashini ya kusaga). Hapo njo gurudumu linashikwa.

#20 BodaNoah

Aksanti mwalimu. Meleze ilikuwa tayari mkononi. Naiweka chini.

#21 KaNyawera

Kwa vile tumefika kwenye freni: Mwana_Birere gari yako ilipanda nyuma baada ya amortisere mpya?

#22 Mwana_Birere

Ndiyo, niliweka na resori ngumu juu ya mizigo. Sentimita 5 hivi.

#23 KaNyawera

Basi angalia kile kifimbo kinachotoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu ya freni kwenye shasi. Kinapima mzigo. Gari ikiwa na mzigo nyuma inashuka, kifimbo kinapanda, valvu inaruhusu freni nyingi nyuma. Gari tupu inapanda, valvu inapunguza ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Sasa wewe umepandisha gari sentimita 5, valvu inadhani uko mutupu siku zote, hata ukibeba magunia kumi. Freni ya nyuma inakuwa usingizi, ya mbele inafanya kazi ya zote. Mimi nilijua hiyo siku moja nikitelemka Ngomo kwenda Uvira, pedali ilibadilika chini ya muguu, moshi unatoka mbele, ukuta upande huu na utupu upande ule. Sitaisahau. Tangu siku ile kila gari ninayopandisha, kitu cha kwanza ni kapati kadogo ka kushusha hiyo valvu ao kupandisha kifimbo kwa kipimo kile kile gari ilichopanda. Ni toli ya milimita 3 na tundu ine, hakuna supoti rahisi kuliko hiyo na hakuna yenye thamani kuliko hiyo.

#24 DadaWaSake

Mungu akubariki kwa hiyo kaka wa Bukavu. Na mimi yangu ilipandishwa, hakuna aliyeniambia. Kesho garaji.

#25 Lushois79 (Lubumbashi)

Bandugu ba Goma, jambo. Huku kwetu magari ya migodi ni Land Cruiser 79, na mnajua yenye V8 ya tangu 2007, ekseli ya mbele ni pana kuliko ya nyuma, karibu milimita 95. Ukiwa nyuma yake mu vumbi la njia ya Kolwezi unaona kabisa nyuma inakanyaga ndani ya mustari wa mbele, kwenye mchanga inatafuta njia yake peke yake. Basi batu wanaweka spesa pana (vipande vya kusogeza gurudumu inje) nyuma ili zilingane, na hapo mkono wa nguvu unabadilika, beringi zinakula, supoti za amortisere zinaanza kulia. Nauliza tu, Prado yako haina spesa upande wa kushoto?

#26 Mwana_Birere

Haina spesa mukubwa.

#27 Lushois79

Basi ni bara ya Panhard. Ile chuma ndefu inayotoka shasi upande mmoja kwenda ekseli upande mwingine. Ukipandisha gari, bara inavuta ekseli nzima kando. Ndiyo maana kushoto na kulia hazifanani! Amortisere ya kushoto inalala zaidi.

#28 Mwalimu_Mekanika

Inavuta kweli, lakini tupige hesabu kabla ya kuihukumu. Chukua bara ya mita 1 ambayo mwanzo ilikuwa imeinama milimita 100 kutoka ncha hadi ncha. Ukipandisha gari milimita 50 sasa imeinama 150. Ekseli inasogea kando milimita 6 na kitu. Hiyo utaiona ukipima gurudumu na bodi kwa kamba, lakini milimita 6 hailazi amortisere kiasi cha kuvunja chuma.

Kulala kwenyewe ndugu ana haki kukutaja. Kama amortisere imesimama wima inafanya kazi yake yote. Ikilala digrii 30 inabaki na robo tatu kwenye gurudumu, ikilala 45 inabaki nusu tu, kwa sababu inapoteza mara mbili, mara kwa mwendo na mara kwa nguvu. Fundi aliposogeza ile ya kushoto ndani kukwepa eshapema, aliilaza. Kwa hiyo upande wa kushoto unatulizwa kidogo kuliko kulia, gurudumu linaruka zaidi, linafika kwenye mpira wa kuzuia mara nyingi zaidi.

#29 Viye_Garaji

Na hapo tunarudi kwangu. Kijana, Jumamosi imepita.

#30 Mwana_Birere

Samahani viye, mvua ilinyesha siku mbili. Leo nimetoa resori, nimepima mara mbili mbili na kijana wa jirani akishika mita.

Amortisere imefungwa kabisa: sentimita 38.

Nafasi ya kulia mpira wa kuzuia ukiwa umekandamizwa: 39.6.

Nafasi ya kushoto: 37.7.

Upana ndani ya supoti ya kushoto unazidi jicho milimita 3.

#31 Viye_Garaji

37.7 na 38. Gari yako ilikuwa inakaa juu ya amortisere kila shimo. Milimita 3 ndefu kuliko nafasi. Sina la kuongeza.

#32 Turneri_Likasi

Milimita 3 ya upana! Bulo yake haikuwahi kubana kitu. Viye mimi nakuheshimu lakini hii inaelezea kelele, inaelezea bulo kulegea, inaelezea kukosekana kwa bomba kuleta madhara.

#33 Fundi_Katindo

Ningetaka kuuliza kitu kimoja. Kama amortisere ilikuwa inagonga chini, nguvu inasukuma supoti JUU, si ndiyo? Sasa traversi imechanika upande gani, imesukumwa juu ao imevutwa chini?

#34 Mwana_Birere

Toli inaning'inia. Midomo ya ufa imekunjika kuelekea chini.

#35 Fundi_Katindo

Imevutwa. Viye?

#36 Viye_Garaji

Ilipigwa juu miezi mitatu ikachoka, ikapata ufa, kisha ekseli ikining'inia siku moja ikamaliza kazi. Kinachong'oa mwisho sio kile kilichoanza. Umepima ikiwa imefunguka kabisa?

#37 Mwana_Birere

Bado, resori zimetoka lakini waya ya freni inanizuia kushusha ekseli mpaka chini.

#38 KaNyawera

Waya ya freni inazuia?! Simama hapo hapo. Waya ya freni haipaswi kuwa kitu cha kwanza kuvutika. Na hiyo iongezewe pati ya kuishusha, ao ununue ndefu.

#39 Mwalimu_Mekanika

Sahihi. Usishushe zaidi. Fungua pati ya waya kwenye shasi kwanza.

#40 Muuza_Piesi_Uvira

Nimesoma yote na nina swali la mutu wa biashara. Jozi ya amortisere zenye musumari juu, za gari hiyo hiyo, zinapatikana. Mnachoma bageti (fimbo za kuchomelea), mnapoteza siku, mnapasua shasi. Si anunue tu zinazoingia?

#41 Turneri_Likasi

Shasi imeshapasuka, hata akinunua mpya itabidi mahali pale pafungwe. Toboa tundu dogo la milimita 4 ao 5 mwisho kabisa wa kila ufa ili usiendelee kutembea, saga ufa uwe V, chomelea, kisha bamba la almasi juu yake. Mbele ya hiyo kazi toa waya za betri, na mase ya sudire (waya wa kurudisha umeme) ishikwe karibu na mahali unapochomelea, usiiweke upande wa pili wa gari moto ukapita mu beringi.

#42 Fundi_Katindo

Na bageti iwe 7018, zikavu. Zile zilizokaa mu karto wazi msimu mzima wa mvua zimekunywa maji, sudire inaonekana muzuri juu na ndani imejaa ufa wa nywele. Kiwandani zinakaushwa karibu digrii 300 mpaka 350, sisi tusiopata hiyo tununue pakiti iliyofungwa na tuimalize siku hiyo. Tena msichomelee jioni wakati kura (umeme) inashuka, mashini inalia na sudire inakaa juu juu tu, haiingii.

#43 Mwana_Birere

Ndugu wa Uvira nimekusikia, lakini hizi amortisere ni nzuri sana kwa mzigo, sitaki kuzitupa. Nimeamua hivi. Eshapema ndiyo itasogea, sio supoti. Nimechora gabari mu karto ya sabuni, nikaigeuza upande wa kulia ikakaa sawa, sasa nakata ya bati nyembamba nijaribu gari juu na chini mbele ya kugusa toli ya 6.

Halafu niliambiwa na mzee mmoja hapa Majengo kitu cha kupima ufa: pangusa chuma na petroli ya taa, kausha kabisa na kitambaa, paka chaki iliyosagwa, ngoja. Kama kuna ufa, petroli iliyoingia ndani inatoka tena na kuchora mustari juu ya chaki. Nimefanya hivyo kwa ile supoti ya KULIA, ya lami, ile ambayo haijawahi kusumbua.

Mustari umetoka.

#44 Fundi_Katindo

Nilisema #4.

#45 Mwana_Birere

Ndiyo lakini Fundi, hauko kando ya sudire. Unaanzia mu tundu la bulo, unapanda kuelekea juu, urefu wa kucha.

#46 Viye_Garaji

Mu tundu? Na kulia kulikuwa na nafasi ya sentimita moja na nusu, haikuwa inagonga.

#47 Turneri_Likasi

Hilo tundu lilitobolewa na perseze (mashini ya kutoboa) ao lilichomwa na bageti? Tuma picha ya karibu, safisha chaki kwanza.

#48 Mwana_Birere

Natafuta mutu mwenye simu yenye kamera muzuri. Kesho asubuhi.